Saa Moja na Dakika Hamsini na Nne

Tulimzika Mama Beata siku ya Jumamosi. Watu wengi walipokwisha kutawanyika nikabaki chini ya turubai na wajukuu zake, tukinywa chai ya rangi kwenye vikombe vya plastiki. Vijana walikuwa wanalinganisha safari zao. Mmoja alikuja na basi kutoka Dar, akasema siku hizi barabara imekuwa ya maana, ametoka alfajiri na kufika kabla misa haijaanza. Mwingine alikuja na treni akakuta kaburi limeshafukiwa. Wa tatu akatoa simu, akabonyezabonyeza, akatusomea kwamba kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hadi uwanja wa Ifakara ni kilomita mia tatu na kidogo kwa mstari ulionyooka, na kwamba ndege ndogo huenda kama saa moja na nusu. Alisoma kama anayesoma bei ya sukari. Nikajikuta nasema kwamba bibi yao aliwahi kukaa akiisubiri safari hiyo, na siku hiyo ilichukua saa moja na dakika hamsini na nne. Wakacheka kwa adabu. Mmoja akaniuliza nimezijuaje mpaka zile dakika nne za mwisho. Pale msibani sikuweza kumjibu vizuri, ndiyo maana naandika.

Mambo ya kwetu nayaacha. Yatosha kusema kwamba mwezi wa sita mwaka 1997 nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, alama hazikutosha kuendelea, na nilikuwa na mwandiko mzuri. Ofisi moja ya misheni pale Ifakara ilikuwa inatafuta mtu wa mwandiko mzuri. Ofisi hiyo ndiyo iliyohudumia ndege ndogo ya viti sita iliyokuwa ikileta dawa, barua na wageni, na kuondoka na wagonjwa waliohitaji kwenda mbali. Mtu wa redio alikuwa Mzee Gaspari, mume wa Mama Beata. Yeye ndiye aliyekuwa akizungumza na rubani, kumwambia hali ya uwanja na upepo, na kuandika kwenye daftari kubwa saa ya kuruka na saa ya kutua. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka na mistari midogo, na mimi nikawekwa pale niandike kwa niaba yake.

Chumba cha redio kilikuwa nyuma ya karakana, kikitenganishwa na ofisi ya Padri msimamizi kwa ukuta mmoja tu. Kilinuka popo na mafuta ya taa. Palikuwa na meza moja, viti viwili, betri ya lori iliyokaa sakafuni juu ya kipande cha ubao, na redio yenyewe, sanduku la kijivu lililofunikwa kitambaa alichofuma Mama Beata kwa uzi wa rangi mbili, kama watu wanavyofunika makochi. Ukutani palibandikwa ramani ya nchi, na kutoka alama ya Ifakara ulitoka uzi wa katani uliofundikwa mafundo. Mzee alinieleza siku ya kwanza, kabla hata hajaniuliza jina la baba yangu. Kila fundo ni dakika kumi za ndege ile. Ukiuvuta uzi hadi Dar unahesabu mafundo manane na nusu, yaani saa moja na dakika ishirini na tano. Ukiuvuta hadi Mlimba ni mafundo matatu tu. Lakini mafundo hayo, alisema, ni ya siku isiyo na upepo, na siku ya namna hiyo hajaiona bado. Kaskazi ikivuma, ndege inayokwenda Dar inapigwa usoni, unaongeza dakika kumi. Ikirudi inasukumwa mgongoni, unapunguza. Alikuwa anafanya hesabu hizo kichwani, akiangalia pembeni kana kwamba anakumbuka jina la mtu, kisha anataja dakika, nami naandika. Miezi mitano ya kwanza sikumwona akikosea kwa zaidi ya dakika tatu.

Alikuwa mtu wa maneno machache na sauti nzuri ya redioni. Misheni zote za bonde zilitumia masafa yale yale, kuanzia Mlimba hadi kule milimani Mahenge, kwa hiyo lililosemwa na mmoja lilisikiwa na wote. Masista na makatekista waliokaa kwenye vyumba kama chetu walimjua kwa sauti bila kumwona sura. Kulikuwa na sista mmoja aliyekuwa akimsalimia shikamoo kila asubuhi kwa miaka tisa, na hawajakutana kamwe. Mimi kazi yangu nyingine ilikuwa kuusafisha uwanja. Msimu wa mavuno akina mama walikuwa wanaanika mpunga pale kwenye majani mafupi, kwa sababu hakuna mahali pengine pakavu na tambarare namna ile. Ndege ikikaribia nilipanda baiskeli nikapiga filimbi, wao wakakunja mikeka wakilalamika, ndege ikatua, wakatandika tena.

Saa saba mchana Mama Beata alikuja na kikapu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa mwendo wa taratibu, na hakuwahi kuingia bila kubisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi daima. Chakula kilikuwa cha watu wawili, lakini tangu wiki ya pili kikawa cha watu watatu bila mtu kusema lolote. Wali, matembele, mara nyingi perege wa kukaanga. Tulikula tukiwa kimya kwa sababu Mzee hakutaka kelele karibu na redio, na katika ukimya huo tulisikia yote ya upande wa pili wa ukuta. Hivyo ndivyo tulivyosikia, mwezi wa kumi na moja, Padri akimwambia mhasibu kwamba Mzee Gaspari ameshatumikia vya kutosha, na kwamba mwaka mpya ukianza ingefaa afikiriwe kupumzishwa. Padri hakuwa na ubaya wowote, sauti yake ilikuwa ya mtu anayejali. Mzee aliendelea kutafuna. Mama Beata akamwongezea mboga. Mimi nikatazama sakafuni, kwenye ile betri.

Huo ndio mwaka wa mvua za Elinino. Walioziona hawahitaji kuelezwa. Mto ulifurika, mashamba yakawa ziwa, barabara ya kutokea Kidatu ikakatika hapa na pale, na habari za treni zikawa za kusubiri tu. Siku mbili au tatu kabla ya Krismasi waya wa redio uliokuwa juu ya paa ulidondoshwa na upepo. Kazi ya kupanda ilikuwa yangu, maana mimi ndiye niliyekuwa na miguu. Lakini asubuhi hiyo nilichelewa. Nilikuwa nimepitia sokoni kutafuta kitambaa cha sikukuu, nikazungumza, mvua ikanikuta, nikasubiri ikatike. Nilipofika nikamkuta Mzee amekaa kitini, shati limelowa, ameshika kichogo. Ngazi ilikuwa imelala kwenye tope. Alisema ameteleza kidogo, hakuna kitu. Waya ulikuwa umesharudi mahali pake. Nilitaka kwenda kumwita mtu, akanishika mkono.

“Ukisema nimeanguka, watanipumzisha kesho,” alisema. “Wewe unataka hivyo?”

Nikasema sitaki. Nikamwapia.

Wiki nne nzima hakuna kilichotokea, na mimi nikaanza kusahau. Kisha, mwishoni mwa Januari, rubani alimuuliza redioni makadirio ya muda wa kwenda Dar, na Mzee akajibu dakika hamsini na tano. Rubani alikuwa Kapteni Elia, Mpare wa makamo, mtaratibu, mwenye masharubu yaliyochanganyika mvi. Alicheka, akauliza kama Mzee amempatia ndege mpya. Mzee naye akacheka. Niliona kwamba hakujua wanacheka nini. Baada ya hapo makosa yakawa ya kila siku. Alitaja saa ya kutua iliyotangulia saa ya kuruka. Alisimama mbele ya uzi wa ramani kwa muda mrefu, akigusa fundo moja tu. Nami nikaanza kumfichia. Nilikaa karibu na kipaza sauti, nikamnong'oneza dakika sahihi kabla hajajibu. Siku alizotaka kuandika mwenyewe, niliichana ile karatasi akishatoka, nikaandika upya kwa kuiga mwandiko wake, herufi zile kubwa za kulala upande wa kulia. Nilikuwa na mkono mwepesi. Nilijiona mwema sana.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Nilimpenda Mzee, hilo sina shaka nalo, lakini chini ya upendo huo palikuwa na hofu yangu mwenyewe. Angechunguzwa, ingeulizwa alianza lini kuharibikiwa, na jibu lingefika kwenye ile ngazi na kwenye ule mtaa wa sokoni nilikokuwa nimesimama nikichagua vitambaa. Kumfichia kulikuwa pia kujifichia. Wakati ule sikujua kuyatenganisha mambo hayo mawili, na sina hakika kama leo najua.

Siku moja mwanzoni mwa Februari nilikuwa uwanjani nikifukuza ng'ombe, Mzee yuko peke yake redioni. Alimwambia Kapteni Elia kwamba upepo unatoka mtoni. Ulikuwa unatoka milimani. Ndege ikashuka upepo ukiisukuma kwa nyuma, ikagusa chini katikati ya uwanja badala ya mwanzoni, ikapita mbele yangu ikiteleza, ikamaliza uwanja na kuingia kwenye majani marefu. Ilisimama ikiwa imeinamisha pua kidogo. Hakuna aliyeumia. Kapteni alishuka, akazunguka tairi zake moja moja, kisha akaja hadi chumba cha redio na kuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa nani amesoma upepo. Mzee alikuwa amekaa, mikono magotini, akimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka wamejuana wapi. Nikasema ni mimi. Kapteni akasema nyuma alikuwa na abiria wanne, mmoja wao mjamzito, na akatoka. Hata hapo sikusema.

Siku nne baadaye Mama Beata alikuja saa mbili asubuhi, bila kikapu. Mzee alikuwa ameamka akilia kichwa kinamuuma, mguu wa kushoto hautaki kunyanyuka, na anamwita yeye kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Tulimpeleka hospitali juu ya baiskeli, mimi nikisukuma, mama akimshikilia mgongoni. Daktari wa zamu alikuwa kijana, mwenye haraka lakini makini. Alimulika macho ya Mzee kwa tochi, akaguna, akauliza kama katika miezi miwili mitatu amewahi kuanguka au kujigonga. Mama Beata akasema hapana, hajaanguka. Mzee alikuwa hajapoteza fahamu bado. Aligeuza kichwa juu ya mto akanitazama mimi, si mkewe, na akatikisa kichwa taratibu. Alikuwa amesahau majina na saa, lakini kiapo changu alikuwa anakikumbuka.

“Alianguka kutoka kwenye ngazi kabla ya Krismasi,” nikasema. “Alijipiga kichogoni.”

Mzee akafumba macho. Daktari akatuita pembeni, akaeleza kwamba mtu wa umri ule akigonga kichwa, damu inaweza kuvuja kidogo kidogo ndani ya fuvu kwa wiki nyingi na kuukandamiza ubongo. Ikitolewa mapema anaweza kupona kabisa. Mtaalamu wa kuitoa yuko Dar. Kwa barabara ilivyo, gari lingekwenda siku mbili kama lingefika, na yeye hakuwa na siku mbili. Nikakimbia hadi chumba cha redio.

Ndege ilikuwa Dar. Lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kabla ya kuita nilijua swali la kwanza litakuwa lipi. Nikavua viatu, nikachukua fimbo, nikatembea uwanja wote kuanzia mwanzo, nikichoma ardhi kila hatua ya tano. Hatua mia saba za kwanza zilikuwa ngumu. Baada ya hapo fimbo ikaanza kuzama kiganja kizima. Kwa kawaida uwanja ulikuwa na hatua elfu moja na kitu. Nilisimama pale kwenye mpaka wa tope, maji yakinitiririka shingoni, na nikafikiri kwamba kama nitasema mia tisa atakuja. Nikisema mia saba huenda asije. Nilirudi mbio. Kapteni Elia mwenyewe alikuwa kwenye redio ya ofisi yao. Nikamweleza mgonjwa ni nani na ana nini. Akaniuliza uwanja ukoje, nikasema hatua mia saba ngumu, zilizobaki tope.

“Hizo hatua amezipima nani?”

“Nimezipima mimi, Kapteni.”

“Wewe uliyesoma upepo kinyume?”

Nilibonyeza kitufe cha kipaza sauti, nikakiachia, nikakibonyeza tena. Nilijua saa ile ilikuwa saa ya taarifa za asubuhi, misheni zote zimewasha redio, yule sista wa shikamoo ameketi kwenye kiti chake. “Sikuusoma mimi,” nikasema. “Aliusoma Mzee Gaspari. Anaumwa tangu mwezi uliopita, hesabu zimempotea, nami nimekuwa nikimfichia na kuandika kwa mwandiko wake. Hatua nimepima mwenyewe kwa miguu. Ni mia saba.”

Redio iliunguruma tupu. Kisha Kapteni akasema kwa mia saba atatua, ila kuruka itabidi awe mwepesi, mgonjwa na muuguzi tu, hakuna mtu wa tatu.

Alifika saa nane kasoro. Mzee alipakiwa juu ya machela, blanketi hadi kidevuni, hajui alipo. Miaka karibu ishirini alikuwa ameingiza na kutoa ndege pale, na hakuwahi kupanda hata moja. Mama Beata alisimama kando na mfuko wa nguo, akitumaini bado kwamba nafasi itapatikana. Kapteni akamwendea, akavua kofia, akamsalimia shikamoo na kumweleza mwenyewe kwa nini haiwezekani. Mama akaitikia, akampa ule mfuko. Ndege ikarudi nyuma hadi mwisho kabisa, ikanguruma mahali pamoja kwa muda mrefu, ikaachiwa. Iliacha ardhi pale pale fimbo yangu ilipoanzia kuzama. Nikatazama saa, nikaandika: saa nane na nusu. Kwa kaskazi ile nilikadiria saa moja na dakika thelathini na tano.

Mama Beata akaniuliza kuna umbali gani. Nikaanza kumwambia kilomita, akasema hapana, anataka kujua atakuwa juu mpaka saa ngapi. Nikamwambia mpaka saa kumi na dakika tano. Nikamwonyesha uzi na mafundo yake, akaweka kidole kwenye fundo la kwanza na kusimama hapo, akiniuliza kila baada ya muda kama asogee. Dakika ya tisa Kapteni aliita. Alikuwa usawa wa kijiji cha Kisawasawa, mawingu yako chini sana, hawezi kunyoosha, anafuata barabara kwenda Kidatu. Dakika ya ishirini na sita aliita tena lakini radi ikala maneno, nikasikia “naongeza” na “muuguzi” basi. Baada ya hapo hatukusikia tena.

Kulikuwa na kikapu mezani. Sijui alikileta saa ngapi. Naamini asubuhi ile, katikati ya yote, mikono yake ilipika yenyewe kama ilivyozoea. Akaketi, akafungua, akapakua wali na perege kwenye sahani mbili. Nikasema siwezi. “Kula, mwanangu,” akasema. “Kinapoa.” Tukala chakula cha Mzee. Nilipofika katikati ya sahani nikamwambia yote, kuhusu sokoni, ngazi, kiapo, karatasi nilizochana, wiki zote zile ambazo daktari angeweza kumwahi. Nililia huku nina wali mdomoni. Mama Beata aliendelea kutoa miiba ya samaki kwa ncha za vidole, akiipanga ukingoni mwa sahani.

“Mimi nalala naye,” akasema baadaye. “Unadhani sikuona? Mwezi mzima anavaa shati kinyume, namgeuzia. Anatia chumvi kwenye chai, nakunywa mimi. Nilisema akikosa hii redio atakufa kwa huzuni, acha nimvushe siku moja moja.” Akanawa mikono. “Daktari alipouliza, nilijua kuna jambo. Niliogopa kulisikia.”

Saa kumi na dakika tano ikafika. Kidole chake kilikuwa Dar, hakuna pa kukisogeza. Saa kumi na dakika kumi. Niliita ofisi ya Dar, wakasema bado. Na dakika kumi na tano. Nilifahamu siku hiyo kwamba umbali hauna maana yoyote kwa mtu anayesubiri, kilomita ni zile zile za jana, ila dakika moja inaweza kukaa juu yako kama gunia. Mama Beata alikuwa ameacha kuuliza. Mvua iligonga bati. Upande wa pili wa ukuta Padri alikuwa anasali kwa sauti ya chini na mhasibu anaitikia. Saa kumi na dakika ishirini na nne ofisi ya Dar ikaita: ndege imetua, mgonjwa yuko hai, gari linamchukua. Niliandika. Mama Beata aliinuka, akakunja kitambaa cha kikapu, akaniaga kwa mkono kama mgeni, na kutoka kwenye mvua bila mwavuli.

Alipasuliwa jioni hiyo hiyo, akapona. Majina yalirudi yote, na mguu pia, ila hesabu hazikurudi. Akiwa bado Dar, Padri akaandika barua ya kumpumzisha kwa shukrani nyingi, na barua nyingine ya kunipa mimi kazi yake. Nikakabidhiwa ufunguo. Mwezi wa nne alirudi kwa treni. Nilikwenda stesheni pamoja na wengine, kofia ya sufu imemfunika kovu, amekonda, anatembea mwenyewe. Aliwapa mkono wote, mmoja mmoja. Alipofika kwangu nilisema shikamoo, akaitikia marahaba akiangalia mizigo, na mkono wake ukapita kwa mtu wa nyuma yangu.

Nilikwenda kwao kila Jumapili baada ya misa. Mama Beata alinipokea uani, akanipa kiti jikoni, tukachambua mchele pamoja. Mzee alikaa sebuleni. Jumapili moja nilimsikia akisema, bila kuficha sauti, kwamba nimemtangaza bonde zima, kwamba yule sista sasa akimfikiria anamfikiria kama kichaa. Mama Beata akamjibu, “Ndiyo, amekutangaza. Na leo umekula sahani mbili.” Alichosema Mzee kilikuwa kweli, na nililofanya ningelirudia tena, na mambo hayo mawili nilirudi nayo nyumbani kwa baiskeli kila wiki.

Mwezi wa saba, mavuno yameanza, uwanja umejaa mikeka ya mpunga. Nilikuwa nimeshampa Kapteni Elia hali ya uwanja, upepo kutoka mtoni, na nimeshapiga filimbi akina mama wakakunja. Nilirudi chumbani nikiwa nahema, nikamkuta Mzee Gaspari amesimama mlangoni, ameegemea baiskeli yake. Hakuwa amekanyaga pale tangu Februari. Nikamwamkia. Alikuwa ameinua uso kidogo, kuelekea milimani.

“Skola,” akaniita kwa jina. “Upepo umegeuka. Mwambie.”

Nilitoka nje kuangalia. Mfuko mwekundu wa kitambaa tulioutundika juu ya mlingoti kupimia upepo ulikuwa bado unaonyesha upepo wa mtoni kama nilivyosema, ingawa umelegea. Ndege ilikuwa imeshaanza kusikika. Nikamtazama Mzee, nikakumbuka tairi zikiteleza kwenye majani, na nadhani aliona ninachokumbuka, maana alishusha macho. Huko mwisho wa uwanja, upande wa milimani, kulikuwa na mama mmoja aliyekaidi filimbi yangu, bado anapeta mpunga wake kwenye ungo. Makapi yake yalikuwa yanaruka kuelekea mtoni.

Niliingia, nikabonyeza kitufe, nikamwambia Kapteni kwamba upepo umegeuka, sasa unatoka milimani, azunguke aje upande wa pili. Akauliza nani amesoma. Mzee alikuwa ameshaingia, amekaa kwenye kile kiti cha pili, mikono magotini.

“Mzee Gaspari,” nikasema, na bonde zima likasikia.